Kupima umbali wa nyota kwa paralaksi: anza na mnazi

Swali ninaloulizwa zaidi ninapoweka darubini uwanjani usiku halihusu majina ya nyota. Mtu huchungulia, huinua kichwa, kisha huuliza: "Hiyo miaka minne ya nuru mnayoitaja, nani alikwenda huko na tepu?" Ni swali la haki. Tepu ipo, ila inapima upande wa huku kwetu tu. Upande wa kule unamaliziwa na hesabu ya pembe. Nusu ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe jioni moja kwa simu na rula, na ukishaifanya, kazi ya wanaastronomia haitakuwa tena fumbo.

Andaa vitu hivi: simu yenye kamera, rula ya meta moja kama ile ya mwalimu ubaoni, tepu ndefu (au kamba uliyokwisha kuipima), kikokotoo, na uwanja wenye mnazi mmoja uliojitenga. Kama huko kwako hakuna minazi, mti wowote au nguzo itafaa. Nyuma ya mnazi, mbali sana, lazima kuwe na kitu kingine chembamba kinachoonekana vizuri: mnara wa simu, mnara wa msikiti, au ncha ya kilima. Usilidharau sharti hilo la mwisho. Nusu ya mwongozo huu inalihusu.

Hatua ya kwanza: dole gumba

Nyoosha mkono, simamisha dole gumba, fumba jicho la kulia, kisha fumbua hilo ufumbe la kushoto. Dole linaruka ukutani. Bila shaka dole halijahama. Aliyehama ni mtazamaji, kutoka jicho moja hadi jingine, sentimeta 6 na nusu hivi. Kule kuruka ndiko kunakoitwa paralaksi. Sasa kunja kiwiko, dole lisogee karibu na pua, urudie. Linaruka zaidi. Kitu cha karibu huruka sana, cha mbali huruka kidogo, na sheria nzima ya kupima nyota ni hiyo.

Hata hapa tayari una kipimo. Mkono wa mtu mzima ulionyooshwa una urefu wa karibu mara kumi ya nafasi kati ya macho yake. Kwa hiyo, dole likiruka kutoka pua ya basi la mkoani hadi mkia wake, na basi lina urefu wa meta 12, basi hilo liko meta 120 hivi kutoka ulipo. Jaribu barabarani, ukiwa pembeni.

Hatua ya pili: mnazi

Macho yako yako karibu mno moja na jingine, kwa hiyo tunayatanua. Weka alama mbili chini, A na B, zikiachana meta 10 kamili. Mstari wa kutoka A hadi B ukate mwelekeo wa mnazi kama herufi T, usiwe mshazari. Mstari huu unaitwa msingi.

Kabla ya kupiga mnazi, ijue kamera yako. Mwombe mwenzako ashike rula ya meta moja kwa ulalo, umbali wa meta 10 kutoka kwako, upige picha rula ikiwa katikati. Fungua picha kwenye kompyuta, hesabu pikseli (vidoti vidogo vinavyounda picha) kati ya ncha mbili za rula. Simu nyingi zitakupa kama 300. Zidisha kwa 10 upate 3000, na hiyo ndiyo namba ya kamera yako. Iandike mahali.

Sasa simama A, piga picha yenye mnazi na mnara kwa pamoja karibu na katikati. Nenda B, piga nyingine. Usivute picha karibu, wala usibadilishe lenzi. Huna haja ya kuelekeza simu sawasawa mara zote mbili, kwa sababu hatupimi mnazi uko wapi katika picha. Tunapima pengo kati ya mnazi na mnara. Na picha zote mbili zichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye simu. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili na vijana, picha moja ilikuwa halisi na nyingine ilikuwa imepitia programu ya kutumiana ujumbe, ikabanwa, pikseli zikapungua. Mnazi wetu ukatoka kuwa mbali kuliko kijiji kizima. Tulitafuta kosa katika hesabu kwa saa nzima.

Tuseme katika picha ya A mnazi uko pikseli 70 kulia kwa mnara, na katika picha ya B uko pikseli 122 kushoto kwake. Jumla umeruka pikseli 192. Kanuni ni hii:

umbali = msingi × namba ya kamera ÷ pikseli za kuruka

Yaani 10 × 3000 ÷ 192, ambayo ni meta 156.

Hatua ya tatu: kamata kosa

Chukua tepu, pima mpaka kwenye shina la mnazi. Unakuta meta 150. Meta sita zimepotelea wapi?

Wengi hapa hulaumu tepu au mkono uliotetemeka. Mwizi ni mnara. Tulijifanya mnara hauruki, lakini nao unaruka. Kama uko kilometa 4, weka namba zake katika kanuni ileile: 10 × 3000 ÷ 4000 ni pikseli 7.5. Mnara umesogea upande uleule wa mnazi na kula sehemu ya mruko wake. Ongeza 7.5 kwenye 192, ukokotoe upya: meta 150 na kidogo.

Kwa lugha ya elimu ya falaki, 192 ni paralaksi ya kulinganisha na 199.5 ni paralaksi kamili. Wanaastronomia wamehangaika na tofauti hii kwa karibu miaka mia mbili, kwa sababu nyota za nyuma wanazozitumia kama mnara nazo ni nyota, zina umbali wake, na zinaruka kidogo. Kila aliyepima kwa kulinganisha ilimbidi akisie hizo za nyuma ziko mbali kiasi gani.

Kuna kosa la pili, nalo ni la aina nyingine. Tuseme jicho lako linaweza kukosea pikseli 2 unapohesabu. Kwa mnazi wa meta 150 unaoruka pikseli 200, hilo ni asilimia moja. Kwa mti ulio meta 1,500, unaoruka pikseli 20, ni asilimia kumi. Kwa kilima kilicho kilometa 15 mruko mzima ni pikseli 2, sawasawa na kosa lako, na hapo hujapima kitu. Dawa ni mbili tu: tanua msingi, au ongeza umakini wa kusoma. Historia yote ya paralaksi ni watu wakifanya moja au nyingine.

Hatua ya nne: panda juu ya msingi mkubwa kuliko yote

Kwa nyota, meta 10 ni mzaha. Hata ukiwaweka watazamaji wawili pande mbili za Dunia, msingi wa kilometa 12,700 hivi, nyota ya jirani kabisa itaruka chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde ya tao. Na sekunde ya tao yenyewe ni nini? Gawa nyuzi moja ya pembe kwa 60 upate dakika, gawa dakika kwa 60 upate sekunde. Sarafu ya upana wa sentimeta 2.4, ikishikwa kilometa 5 kutoka ulipo, ina upana wa sekunde moja ya tao.

Kwa bahati tuko juu ya chombo kinachosafiri. Dunia huzunguka Jua kwa umbali wa kilometa milioni 150 hivi, kwa hiyo kati ya leo na miezi sita ijayo utakuwa umehama kilometa milioni 300 bila nauli. A ni Agosti, B ni Februari.

Kwa nini miezi hiyo? Chukua Alpha Centauri, ambayo kwa Kiswahili huitwa Rijili Kantori, jina lililotoka katika Kiarabu. Mwezi Agosti huwa juu kabisa upande wa kusini kwenye saa 12 jioni, na mwezi Februari huwa hapo kwenye saa 12 alfajiri. Maana yake Dunia iko pande mbili zinazokabiliana, na msingi unaukata mwelekeo wa nyota kama ile herufi T ya uwanjani. Ukitaka kuitazama tu, bila kupima, Juni ni mwezi mzuri: saa 3 usiku iko juu upande wa kusini, nyuzi 36 kutoka upeo kwa aliye Dar es Salaam, nyuzi 33 kwa aliye Mombasa. Wenzetu wa London hawaioni kamwe.

Hata kwa msingi huo, hakuna nyota yoyote nje ya Jua yenye paralaksi inayofika sekunde moja. Tycho Brahe, mpimaji hodari wa enzi ya kabla ya darubini, hakuona nyota ikiruka, akahitimisha kwamba Dunia haizunguki Jua. Hoja yake ilikuwa sahihi kwa kile alichoweza kukiona. Vyombo vyake ndivyo vilivyoishia kwenye kosa la karibu dakika moja ya tao, mara sitini ya kilichohitajika.

Hatua ya tano: piga mara tatu, si mara mbili

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule hupita haraka. Mchoro huonyesha Dunia pande mbili za Jua, mistari miwili, basi. Ukifuata mchoro huo utapata jibu la uongo, kwa sababu mnazi hautembei na nyota inatembea. Kila nyota ina mwendo wake angani, na kwa nyota za karibu mwendo huo mara nyingi ni mkubwa kuliko paralaksi. Ukipima Agosti na Februari tu, huwezi kujua kiasi gani cha mruko ni chako na kiasi gani ni safari ya nyota.

Subiri Agosti ya pili. Dunia imerudi palepale, kwa hiyo chochote kilichobaki ni mwendo wa nyota yenyewe. Tuchukue namba za mfano. Agosti ya kwanza nyota iko 0.00 ukilinganisha na zile za nyuma. Februari iko sekunde 1.90. Agosti ya pili iko 2.60. Kwa mwaka mzima nyota imetembea 2.60, basi kwa nusu mwaka ilitakiwa iwe 1.30. Februari tuliikuta 1.90. Ziada ya 0.60 ndiyo mruko wetu.

Sasa gawa kwa mbili: 0.30. Kwa makubaliano, paralaksi ya nyota huandikwa kwa msingi wa umbali wa Dunia na Jua mara moja, si mara mbili. Ukisahau kugawa, nyota yako itatoka iko kwenye nusu tu ya umbali wake wa kweli, na ndilo kosa ninaloliona kuliko yote katika madaftari.

Katika kazi halisi hawapimi mara tatu bali makumi ya mara kwa miaka kadhaa, kisha hesabu hutafuta mambo matano kwa pamoja: mahali nyota ilipo (namba mbili), mwendo wake (namba mbili), na paralaksi. Njia ya nyota angani hutoka kama springi ya waya iliyovutwa, inasonga mbele huku ikizungukazunguka.

Mwendo huo unaosumbua ndio pia ulioonyesha pa kuanzia. Friedrich Wilhelm Bessel, mwanaastronomia Mjerumani wa Königsberg, aliichagua 61 Cygni, nyota hafifu isiyo na sifa, kwa sababu ilikuwa inahama zaidi ya sekunde 5 kwa mwaka. Kinachokwenda kasi machoni huenda kiko karibu. Alitumia chombo kilichotoka katika karakana ya Fraunhofer, fundi wa lenzi, chenye lenzi iliyokatwa katikati na nusu zake kutelezeshwa mpaka picha za nyota mbili zikutane, na mnara wake ulikuwa nyota mbili hafifu za jirani. Mwaka 1838 akatangaza sekunde 0.314. Leo tunasoma 0.286. Kwa pembe ndogo hivyo, kukosea asilimia kumi tu ni kazi ya mtu mwenye subira.

Aliyestahili kumtangulia alikuwa huku Afrika. Thomas Henderson alipima Alpha Centauri kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, akarudi Scotland na madaftari yake, akasita kwa kutoviamini vyombo vyake. Alichapisha mwaka 1839, Bessel akiwa ameshatangaza.

Hatua ya sita: geuza pembe iwe umbali

Hii ni rahisi kuliko ya mnazi. Gawa 1 kwa paralaksi, jibu liko katika parseki. Parseki moja ni miaka ya nuru 3.26, na mwaka wa nuru ni umbali, si muda: ni njia ambayo nuru huikata kwa mwaka mmoja, kilometa trilioni 9.46 hivi. Nyota ya mfano wetu, yenye 0.30, iko parseki 3.33, yaani karibu miaka 11 ya nuru.

Proxima Centauri, jirani wa kwanza wa Jua, ina 0.768. Hiyo ni parseki 1.30, miaka ya nuru 4.24. Ukitaka kuihisi, chora Jua na Dunia vikiachana meta moja, Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho Proxima iko kilometa 268: ndege iliyoruka kwenda Mombasa ingekuwa imefika usawa wa Msambweni. Msingi wako ni meta mbili, na unatakiwa kuona tofauti ya mwelekeo wa kitu kilicho huko.

Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa usiku, Canopus kwa jina la wengine, ina paralaksi ya sekunde 0.01055 tu. Parseki 95, miaka ya nuru 309.

Hatua ya saba: andika kosa pembeni, kila mara

Hewa ya Dunia hutikisa nyota kwa karibu sekunde nzima ya tao, ndiyo kule kumetameta. Kwa hiyo Shirika la Anga la Ulaya lilitoa kazi hii nje ya hewa. Chombo chake cha kwanza, Hipparcos, kilirushwa mwaka 1989, kikatoa orodha ya nyota 118,218 mwaka 1997, kikiwa na kosa la karibu sekunde 0.001. Gaia kilifuata Desemba 2013, kikafanya kazi kilometa milioni 1.5 kutoka duniani mpaka Januari 2025, na kwa nyota zinazong'aa vya kutosha kosa lake ni kama sekunde 0.00002.

Vyote viwili vilitazama pande mbili za anga kwa wakati mmoja. Kwa Gaia pande hizo ziliachana nyuzi 106.5. Hiyo ndiyo dawa ya mnara unaoruka: nyota za pande mbili tofauti haziruki kwa namna moja katika tarehe moja, kwa hiyo ukizilinganisha zenyewe kwa zenyewe, kote angani, huhitaji tena kukisia umbali wa zile za nyuma. Kisha wakajikagua kwa kwasari, viini vya galaksi za mbali mno ambavyo paralaksi yake lazima isomeke sifuri. Vilisomeka chini kidogo ya sifuri, kama sekunde 0.00002. Mnara wa mwisho kabisa, nao uliwakamata.

Data za Gaia ziko wazi mtandaoni bila malipo. Ukizifungua, kumbuka mambo machache. Paralaksi zake zimeandikwa kwa elfu za sekunde, kwa hiyo gawa 1000 kwa paralaksi, badala ya kugawa 1. Pembeni ya kila moja kuna kosa lake. Kosa likizidi sehemu moja ya tano ya paralaksi yenyewe, usigawe, maana jibu litakuwa limepinda. Utakuta hata paralaksi hasi. Hizo si uchafu wa kufuta: ni nyota za mbali ambazo kosa limezimeza, kama kile kilima cha kilometa 15. Na usizitafute Suheli na Alpha Centauri humo; zinang'aa mno, ziliipumbaza Gaia, na namba ya Suheli niliyokupa bado ni ya Hipparcos.

Ila kosa lililoandikwa pembeni ni lile la mkono unaotetemeka. Kosa la kamba iliyolegea haliandikwi popote. Ukipima nayo mara mia utapata jibu lilelile bovu mara mia. Hilo liliikuta Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu walilitazamia kujua msimu. Hipparcos ilisema iko parseki 120 hivi. Waliopima kwa njia nyingine walisema 133, 135, na wakabishana miaka mingi. Mwaka 2014 darubini za redio zilizotawanyika mabara tofauti zikapima paralaksi upya zikapata 136, na Gaia ikakubaliana nazo. Ugomvi wote ulikuwa juu ya sekunde 0.001 ya tao.

Geuza parseki hizo ziwe miaka ya nuru uone 0.001 inabeba nini. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Kwa hesabu ya Hipparcos, nuru ya Kilimia inayokufikia sasa iliondoka huko miaka 40 hivi baada ya jiwe la kwanza. Kwa hesabu ya Gaia, iliondoka miaka kumi hivi kabla.